Lensi za macho za siku moja safarini: maoni ya mpiga picha wa harusi mwenye namba hasi tano na nusu

Basi lilitoka stendi ya Nane Nane, Dodoma, saa 5 asubuhi, na kondakta akaapa kwamba Mwanza tunaingia mapema. Wanaoijua barabara ile wanajua "mapema" ya kondakta ni kitu gani. Pancha ilitukuta kabla ya Singida, tukakaa, tukala kuku wa Singida kwa hasira, tukaendelea. Tulipofika Nzega ilikuwa saa 5 usiku, na lensi zilikuwa machoni mwangu tangu saa 12 asubuhi. Saa 17. Jicho la kulia lilikuwa kama limeingiwa na punje ya mchanga. Kila nikipepesa, inakwaruza.

Maji ya lensi, yale ya kuzisafishia na kuzihifadhi, yalikuwa kwenye begi kubwa. Begi kubwa lilikuwa kwenye buti, na juu yake magunia ya vitunguu yaliyopakiwa njiani. Nilimwomba utingo. Akasema, "Dada, hilo begi lipo chini kabisa, nikianza kufukua hapa tutalala. Vumilia, tumeshafika." Nikavumilia. Nikaegemeza kichwa dirishani, na usingizi ukanichukua nikiwa na lensi machoni.

Nyegezi, stendi ya Mwanza, tuliingia alfajiri. Jicho lilikuwa jekundu, linachuruzika machozi, na jua lilipochomoza likanichoma kama taa ya studio niliyowekewa puani. Dada mmoja tuliyekaa naye kiti kimoja, ana mtoto mchanga, alinionea huruma akaninong'oneza: "Dada yangu, nikukamulie maziwa kidogo? Hilo jicho litapoa sasa hivi." Nilimshukuru kwa moyo wote, nikakataa. Harusi ilikuwa saa 8 mchana.

Daktari wa macho aliyenipokea asubuhi ile alinitia tone la rangi ya chungwa, akazima taa ya chumba, akanimulika kwa mwanga wa buluu. Palipochubuka juu ya konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, rangi ile inang'aa kijani. Alitazama kimya, kisha akauliza, "Kwa nini hukuzitoa tu ukazitupa?"

Nikamjibu ukweli. "Daktari, zilikuwa zimebakiza siku 8."

Zilikuwa lensi za mwezi. Nilikuwa nimezivaa siku 22, na nilizihurumia siku zile 8 kuliko jicho lenyewe. Hakucheka. Aliniandikia matone ya antibayotiki, akanipiga marufuku lensi hadi atakaponiruhusu, na harusi nikaipiga nimevaa miwani yangu ya zamani, ya namba ya miaka mitatu nyuma, msaidizi wangu akinisemea sikioni kama picha imekaa au imetetereka.

Basi haya ni maoni yangu baada ya mwaka mzima wa kubadilisha mfumo. Nazungumzia lensi za siku moja, zile za kuvaa mara moja na kutupa, maji ya lensi ya aina mbili, vidude vidogo vya mkobani, na duka. Sikupewa kitu bure na mtu yeyote. Vyote nimenunua kwa hela ya harusi za watu.

Kwanza kwa nini nisivae miwani yangu nikatulia, maana najua swali hilo linakuja. Ukiwa mpiga picha, jicho lako linaishi kwenye kitundu cha kamera. Miwani inagonga mpira wa kile kitundu, inakuweka mbali, pembe za picha huzioni. Ukumbi ukijaa, jasho linaitelezesha hadi ncha ya pua. Mvua ikinyesha unapiga picha za ukungu. Namba yangu ni hasi 5.50 kulia na hasi 4.75 kushoto, yaani sioni mbali; bila msaada, bibi harusi aliyesimama hatua tatu mbele yangu ni wingu jeupe tu. Kwa hiyo lensi kwangu ni kitendea kazi, kama betri.

Ninazotumia safarini sasa ni 1-Day Acuvue Moist. Boksi lina lensi 30, na kwa kuwa macho yangu namba hazifanani, nalazimika kununua maboksi mawili. Hapo nina siku 30. Pembeni ya boksi utakuta BC 8.5 na DIA 14.2. Ya kwanza inaeleza mbonyeo wa lensi, ya pili upana wake kwa milimita. Namba hizo usizipite kama unavyopita maandishi madogo ya kwenye sabuni. Lensi za mwezi ninazovaa nyumbani, Biofinity, zina 8.6 na 14.0. Macho yangu yamezikubali zote mbili, lakini ni kwa sababu nilipimwa kwa kila moja. Kuna mtu anaambiwa "chukua hizi, namba ni ileile" akaishia na lensi inayoelea jichoni au inayobana kama kiatu cha kuazima.

Ninachokipenda zaidi ni kitu kidogo mno. Lensi hizi zina tarakimu 1-2-3 zilizochapwa ukingoni. Ukiiweka kidoleni na ukazisoma sawa, imekaa vizuri. Zikionekana kinyumenyume, umeigeuza ndani nje. Nyumbani mbele ya kioo kikubwa hutaona maana yake. Lakini kwenye gesti ya Manyoni yenye balbu moja ya njano, saa 11 alfajiri, zile tarakimu ni rafiki wa kweli. Zina pia rangi ya buluu iliyokolea kidogo tu, ya kukusaidia kuiona ikidondokea kwenye sinki jeupe. Jichoni rangi hiyo haionekani.

Sasa uzuri wenyewe. Lensi ya siku moja huisafishi, huihifadhi, huiwekei kikasha, huibebei chupa ya maji. Unanawa mikono, unafungua, unavaa, jioni unatoa, unatupa. Tukio la Nzega na lensi hizi lingeisha hivi: ningefungua chupa ya maji ya kunywa niliyokuwa nayo na sabuni yangu, ningenawa mikono mlangoni mwa basi watu walipokuwa wanachimba dawa, ningezitoa, ningezitupa, ningevaa miwani. Dakika tatu. Kitu kinachoumiza macho ya wengi wetu njiani ni ule uchungu wa hela. Lensi imekugharimu, bado ina siku zake, kwa hiyo unalala nayo, unaisuuza kwa maji yoyote, unairudisha jichoni baada ya kudondoka kwenye kiti cha basi. Lensi ya safari ni ile usiyoihurumia.

Tuje kwenye bei, maana uchungu wenyewe uko hapo. Ukizivaa kila siku ya mwaka zinakula hela kuliko za mwezi, hilo halina ubishi. Bei zenyewe zinapanda na kushuka na dola, kwa hiyo nikiandika hapa leo, kesho utaniita mwongo. Nitasema hivi: jozi moja ya siku inanigharimu karibu na sahani ya chipsi kuku ya mjini. Ndiyo maana sizivai nikiwa nyumbani Tabata nahariri picha. Nyumbani ni miwani au zile za mwezi. Za siku ni za kazi na safari tu, kwa hiyo maboksi mawili yananisukuma miezi mitatu hivi. Nikiziingiza kwenye bei ninayomtajia mteja wa mkoani, pamoja na nauli na gesti, hata hajui.

Kasoro za lensi za siku kwa ujumla, za kampuni yoyote, zipo. Ni nyembamba na laini kupita kiasi; mwenye vidole vizito atazikunja na kuzichana wiki nzima ya kwanza. Taka zake ni nyingi: kila jozi inaacha vikopo viwili vya plastiki na vifuniko viwili, na mimi hujikuta natembea navyo mfukoni kama maganda ya karanga hadi nione pipa. Na kuna kishawishi kibaya, cha kuirudisha usiku kwenye kikopo chake na yale maji yaliyobaki, uivae tena kesho. Usifanye hivyo. Yale maji ya kwenye kikopo ni ya chumvi, hayaui kijidudu chochote. Lensi ikishaingia jichoni, imeshatumika.

Hesabu yangu ya kufungasha ni hii: siku za kazi, ongeza jozi moja kwa kila siku tatu. Safari ya siku 9 nabeba jozi 12. Nazitoa kwenye boksi, nazigawa kwenye vipochi viwili vidogo, kimoja nimeandika K, kingine S, kulia na kushoto. Siku niliyozichanganya, pale Morogoro, nilishinda nusu ya sherehe ya send-off nikidhani kamera imeharibika. Nusu ya akiba inakaa mkobani, nusu kwenye begi la kamera. Begi la buti halibebi kitu chochote cha macho. Begi hilo nimelisamehe lakini sijasahau.

Halafu kuna jambo nililojifunza ambalo linawashangaza wenzangu: njiani sivai lensi kabisa. Navaa miwani. Treni ya SGR kutoka Dar hadi Dodoma ni saa nne hivi ukiwa umekaa chini ya kiyoyozi, huna unachokitazama zaidi ya simu, na mtu akikodolea simu hupepesa kidogo. Lensi laini inashika maji, na hewa kavu inayafyonza hayo maji. Unaposhuka Dodoma, ambako hewa ni kavu tayari, macho yako yameshachoka kabla ya kazi. Mimi nashuka na miwani, naingia gesti, nanawa, navaa lensi mpya saa moja kabla ya tukio. Kwenye basi ndiyo kabisa: dirisha wazi, vumbi la Shinyanga linaingia hadi kwenye meno, na chembe moja ikijibanza chini ya lensi utatamani kushuka utembee.

Ndege ni kavu kuliko zote. Unyevu wa hewa ndani ya ndege huwa chini ya asilimia 20, wakati Dar tumezoea kuishi kama tumefunikwa shuka la maji. Mwaka jana niliitwa Muscat, harusi ya familia yenye ndugu Unguja na Oman, Kiswahili sebuleni na Kiarabu kwenye simu. Nilipofika ukaguzi wa uwanja wa ndege nilikuwa na chupa ya maji ya lensi ya mililita 300 kwenye mkoba wa mkononi, imebaki robo. Nikamwambia afisa, "Kaka, humu ndani hamna hata mililita 80." Akaniambia kwa upole kwamba wanaangalia ukubwa wa chupa, hawaangalii kilichobaki, mwisho ni mililita 100. Alikuwa na haki. Chupa ikabaki. Hapo nilikuwa bado sijahamia lensi za siku, na nilitua Muscat usiku wa manane na lensi za mwezi, bila maji. Nilizitupa. Safari hii siku zilizobaki sikuzihesabu.

Kwa wale wanaopenda za mwezi, au macho yao hayapati namba kwenye za siku, kuna maji ya aina mbili, na nimeishi na yote.

Ya kwanza ni yale ya kazi zote: chupa moja inasafisha, inasuuza, inaua vijidudu, inahifadhi. Kwa safari ndiyo yanayofaa, mradi ununue chupa ndogo ya chini ya mililita 100. Usihamishie maji kutoka chupa kubwa kwenda kichupa cha losheni, maana ukishahamisha yameshachafuka. Mambo mawili watu hawayafanyi. Kwanza kusugua: weka lensi kiganjani, tia maji, sugua taratibu kwa kidole, hata kama chupa inajisifu kwamba hakuna haja. Pili kumwaga: maji ya jana yamekwisha kazi, yamwage yote, usiongezee mapya juu yake kama uji. Kikasha kikaushe kimefunuliwa, na baada ya miezi mitatu kitupe.

Ya pili ni peroksaidi. Haya ndiyo nayapenda kuliko yote nikiwa nyumbani. Lensi zinaingia kwenye vikapu vidogo, vikapu vinatumbukizwa kwenye kikasha kirefu chenye kisahani cha platinamu chini, unajaza hadi mstari, unafunga. Yanaanza kuchemka vipovu kama soda. Peroksaidi ya asilimia 3 inaua vijidudu, na ile platinamu inaigeuza polepole kuwa maji na oksijeni. Baada ya saa 6 unavaa lensi safi kiasi kwamba unahisi umenunua macho mapya. Hayana vihifadhi, yaani zile kemikali za kuyazuia yasiharibike, kwa hiyo kwa wenye macho yanayowasha ni faraja.

Lakini safarini? Hapana. Kifuniko cha kile kikasha kina tundu la kutolea gesi, kwa hiyo lazima kisimame wima usiku kucha. Kisimamishe wima kwenye basi la Mwanza kama unaweza. Nililaza changu kwenye mkoba nikidhani kimefungwa, nikalowesha chaja mbili na kitambulisho. Na ile saa 6 haina mjadala. Siku moja Dodoma niliitwa ghafla, zimepita kama saa 2, nikasema itakuwa imeshatulia. Nilichokisikia jichoni siwezi kukieleza kwa lugha ya adabu. Nilipiga kelele hadi mama mwenye gesti akagonga mlango: "Mwanangu, kuna mtu humo?" Kosa langu mwenyewe, maelekezo yapo kwenye chupa na ncha yake ni nyekundu kabisa ili hata mjinga aone.

Hapa niseme kuhusu duka la dawa moja, silitaji, kwenye mji mmoja wa kanda ya ziwa. Niliuliza maji ya lensi, kijana akanipa chupa ya maji ya chumvi ya hospitali, yale ya dripu. "Sista, haya ni yaleyale, tena haya ni ya hospitali." Si yaleyale. Maji ya chumvi yanasuuza tu, hayaui kitu. Ukilaza lensi humo usiku kucha umeilaza kwenye bafu. Halafu nilipomwambia jicho linaniwasha, akanyanyua kichupa cha matone yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, bila hata kuniuliza kitu. Wandugu, hapa msifanye utani. Matone ya aina hiyo yanaondoa wekundu, unaona umepona, kumbe kama kuna maambukizi kwenye konea umeyapa uwanja. Matone ya steroidi ni ya kuandikiwa na daktari aliyekutazama jicho kwa mashine.

Matone ninayobeba mimi ni ya kulainisha tu, ya vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, visivyo na kihifadhi, na yameandikwa kwamba yanaruhusiwa kwa wavaaji lensi. Unavunja shingo, unatia, unatupa. Kwenye harusi ndefu, zile ambazo MC anaanza saa 3 usiku kuita familia moja moja, tone moja kila jicho saa 2 usiku linanifikisha hadi keki. Matone ya kung'arisha macho yawe meupe siyatii juu ya lensi hata kidogo.

Sasa maji ya kawaida. Maji ya bomba, ya kisima, ya ziwa, ya bahari, ya kunywa ya chupa: lensi haikutani nayo. Kuna kijidudu kinaitwa akantamiba, aina ya amiba anayeishi kwenye maji na udongo karibu kila mahali. Ukinywa maji yake hakuna shida ya kutisha, lakini akinaswa kati ya lensi na konea anaweza kulichimba jicho, na matibabu yake ni ya miezi, yenye maumivu. Kwa hiyo kuoga na lensi hapana, kuogelea na lensi hapana. Rafiki yangu wa Kapripoint, Mwanza, aliniambia, "Sisi tumekulia ziwani, macho yetu mbona mazima?" Nikamjibu, "Ninyi mmekulia ziwani bila plastiki machoni."

Mtihani mkubwa kwangu ni Zanzibar. Maharusi wa siku hizi wanataka picha za Nungwi jua linapozama, gauni linaelea, na mpiga picha sharti aingie majini hadi kiunoni. Huko siwezi kuvaa miwani na siwezi kudhibiti mawimbi. Ninachofanya: navaa lensi za siku, boti ya Azam nikiwa nimeipanda kwa miwani, na mkoba wa jozi mbili za akiba unakaa ufukweni na msaidizi. Wimbi likinipiga usoni, naacha kazi, natoka, nanawa mikono kwa sabuni na maji safi, naikausha, natoa zile, navaa mpya. Bwana harusi mmoja alinung'unika kwamba jua linazama. Nikamwambia, "Shemeji, kesho litazama tena."

Na kwa kuwa nimewataja maharusi, nitoe dukuduku. Lensi za rangi. Nimeshuhudia chumba cha saluni ambapo lensi za kijivu zilivaliwa na bibi harusi, zikatolewa baada ya picha, zikavaliwa na mpambe wake jioni. Jozi moja, watu wawili, maji ya bomba katikati. Lensi ya rangi ni lensi. Hata kama haina namba, inahitaji kupimiwa jicho lako, inahitaji mikono safi, na haiazimwi, kama vile mswaki hauazimwi. Na ukipaka wanja na vumbi la kung'aa, lensi inavaliwa kabla ya vipodozi na inatolewa kabla ya kuviosha. Mwaka 2024 mwanzoni, ugonjwa wa macho mekundu ulipotapakaa Dar, mimi nilivaa miwani wiki zote zile hata sikutaka kujua nani anaazimana nini.

Duka ninalonunua lipo Posta, Dar. Silisifii rangi za kuta wala kahawa wanayokupa. Nalisifia kwa sababu yule mtaalamu alikataa kuniuzia siku ya kwanza. Alinipima, akanivalisha za majaribio, akaniambia nikatembee Samora nusu saa nirudi. Niliporudi aliangalia zimekaaje kwenye jicho, kisha akanifundisha kuvaa na kutoa, na akasema hataniruhusu kuondoka hadi nizitoe mwenyewe mara tatu mfululizo. Ilinichukua zaidi ya saa nzima na machozi ya mtu aliyefiwa. Aliniandikia karatasi yenye kila namba ya kila jicho, na mimi nimeipiga picha ipo kwenye simu na kwenye barua pepe. Karatasi hiyo ni muhimu kuliko unavyodhani. Mikoani nimeingia maduka matatu nikitafuta hasi 5.50, na namba zao ziliishia chini ya hapo. Ukiwa na namba kubwa kama yangu, nunua kabla hujasafiri. Kinachonikera pale dukani ni kusubiri: ukiagiza za siku wakati hawana namba yako, jiandae kurudi zaidi ya mara moja, na simu zao hupokelewa kwa mapenzi ya Mungu.

Vidude vingine vya mkobani, haraka haraka: kipande cha sabuni isiyo na manukato kwenye kikopo chake, kwa sababu jeli ya spiriti isipokauka vizuri kidoleni utaimba, vitambaa vya karatasi visivyotoa nyuzi, usifute mikono kwa taulo la gesti, kioo cha mkononi, miwani ya jua mikubwa ya kuzuia upepo wa bodaboda. Na kama umekula pilipili kwa mkono, nawa mara mbili, halafu nawa tena.

Dalili za kutosubiri mimi nimezikariri: maumivu, wekundu usiopungua lensi ikishatoka, mwanga kuchoma, kuona ukungu, usaha. Lensi inatoka hapohapo na hairudi. Namtafuta daktari wa macho siku hiyohiyo, na lensi pamoja na kikasha chake naenda navyo, maana wanaweza kuvipima. Hospitali zipo: Dar kuna CCBRT, Moshi kuna KCMC, Mwanza kuna Bugando.

Alama: lensi za siku moja kwa safari, 9 kati ya 10, moja naikata kwa sababu ya taka. Maji ya kazi zote ya chupa ndogo, 7. Peroksaidi, 10 nyumbani na 2 barabarani. Duka, 8, wakipokea simu litakuwa 9.

Alhamisi napanda meli Mwanza kwenda Bukoba, usiku kucha ziwani, harusi ni Jumamosi. Nimeshahesabu: jozi 3 za kazi, 1 ya akiba, vichupa 10 vya matone, miwani usoni tangu nyumbani. Mkoba wa macho nalala nao kichwani.